Kitana cha Fungu la Arobaini na Moja

Pamba iliingia kutoka Jilore, magunia kwa magunia,
ikatoka haijijui.
Kwanza tindikali, kisha maji, na maji tena,
maji hadi vidole vyetu vikakunjamana,
kisha kafuri na spiriti, ikakandwa
kama unga wa mkate wa mofa,
ikashindiliwa kalibuni, na mvuke ulipoisha tukafungua:
vitana mia, vina mabaka ya asali na kahawa.
Ungeapa ni gamba la ng'amba.

Kazi yangu ilikuwa kutoviamini.

Nilikipinda kimoja mpaka kikalalamika.
Nilikiangusha sakafuni kutoka bega la Kitsao,
kwa kuwa langu ni fupi na daftari lilidai futi tano.
Mwisho tupa, na unga wake ndani ya neli ya kioo,
nyuzi sitini na tano, karatasi ya wanga juu yake,
na saa ya Bwana Keshavji kiganjani mwangu.
Karatasi ikikaa nyeupe dakika kumi, fungu ni zima.

La arobaini na moja lilibadilika dakika ya sita.
Mstari mwembamba, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Keshavji akachungulia, akakohoa,
akasema lori linaondoka kesho.
Niliandika sita.
Wino wake ulichelewa kukauka.

Tulivitia moto mchangani, nyuma ya kiwanda.
Havikuungua, vilitoweka:
mwanga mmoja, pumzi moja,
na nyusi za Kitsao zikaenda navyo.
Kimoja kilibaki mfukoni mwangu. Sijui kwa nini.

Shangazi Somoe alinifungulia mlango, mtaani Shela,
akarudi nyuma hatua moja.
"Umetoka kumwosha nani?"
Miaka ishirini anaosha maiti wa kike,
pua yake haikosei.
Nikampa kitana, nikamweleza yote,
na kwamba kisikaribie jiko, wala taa, wala jua la mchana.
Alikigeuzageuza. Akacheka kidogo, puani.
"Pamba na kafuri," akasema.
"Na kwa hili wamejenga kiwanda?"

Kichwani mwake hakukitia hata siku moja.
Kilikaa kikapuni, kando ya sabuni na majani ya mkunazi,
na alfajiri alipobishiwa hodi kilikwenda naye,
kikapita polepole katika nywele zilizolowa,
kabla hajazisuka misuko mitatu,
nywele za wanawake
wasio na jiko tena.