Mlango Namba Kumi na Saba

Mlango wangu umeshatoa wauaji wanne.
Namba kumi na saba, mtaa wa wafumaji, mjini Ghent,
rangi ya kijani iliyobanduka karibu na kitasa.
Mara ya kwanza alitoka humu mfamasia na nyundo,
mara ya pili mjane mwenye sumu ya panya,
mara ya tatu hakimu.
Ya nne sikuiona, nilikuwa hospitali, natolewa mawe ya nyongo.

Miaka ishirini na saba, kila Jumapili, saa mbili na robo usiku:
"Maji Tuli". Filimbi, daraja, mvua,
na Inspekta Haesaert akishuka baiskeli
kwa goti lile lile linalomuuma tangu msimu wa pili.

Niseme kweli, maana mapenzi yangu hayajanipofusha.
Muuaji humjua kabla kahawa haijapoa:
ni yule mwigizaji maarufu aliyepewa maneno matatu.
Nani amlipe nyota wa jukwaani aje auze tulipu na kuondoka?
Simu hulia pale pale mtu anapokaribia kukiri.
Maiti ni msichana, daima msichana,
amelala vizuri mno, nywele zimepangwa kama za bi harusi;
jina lake hutajwa mara mbili, kisha huwa marehemu, kisha huwa kesi.
Zamani mwizi alikuwa lazima aongee lafudhi ya mbali.
Walipogundua kwamba tumegundua,
wakamfanya mwenye benki, na amebaki mwenye benki.

Na Elke. Sijamsahau Elke.
Binti wa Inspekta, miaka kumi na minne, waya menoni.
Msimu wa tisa alisema, "Nakwenda kuchukua sweta,"
akapanda ngazi.
Hajashuka.
Misimu kumi na minane! Na baba mtu ni mpelelezi,
amefukua mifupa chini ya kanisa,
amesoma majivu ya sigara kama gazeti,
mwanawe hajamtafuta hata chumbani.
Mganga hajigangi, sawa, lakini hata kuita?

Ila kuna kile kikombe.
Kila kipindi Haesaert hubisha hodi kwa mzazi,
huvua kofia, huketi bila kukaribishwa,
huomba maji. Hayanywi.
Hukishika kikombe kwa mikono miwili
kama mtu aliyeokota kifaranga,
na hunyamaza. Siku moja nilihesabu: sekunde arobaini na moja.
Nani siku hizi humpa mfiwa sekunde arobaini na moja?
Kisha husema. Na mama yule, yeyote awaye,
hulia kwa lahaja yetu, ile ya kooni,
ambayo shuleni tulichapwa kwayo.
Hapo husamehe simu, na nywele, na mwenye benki.

Machi, Achiel wa namba kumi na tisa hakutoa takataka.
Wiki ya pili pia hakutoa. Nikapiga simu.
Walikuja wawili, vijana, wenye adabu.
Dakika ishirini. Fomu.
Mmoja aliniuliza kama mlango wangu ndio ule wa kwenye televisheni,
akaupiga picha.
Hakuna aliyeomba maji.
Nilikuwa nimekwisha kuyamimina.
Kikombe kilikaa mezani mpaka jioni, nikamwagia maua.
Achiel hakuuawa na mtu. Moyo tu, na ngazi.
Hakuna wa kukimbizwa hapo, hakuna filimbi.

Sasa imekuja barua: wanauhitaji tena mlango,
siku mbili za Oktoba, wataupaka rangi nyekundu
kisha wataurudishia kijani. Malipo ni yale yale.
Nimewajibu kwa mkono wangu,
mwandiko wa karani wa posta, unaosomeka:

Pakeni. Leteni muuaji mnayemtaka.
Sharti langu ni moja.
Mtu yeyote, hata kivuli, hata mguu tu,
ashuke ngazi ameshika sweta,
aseme, "Nimeipata, ilikuwa chini ya kitanda,"
na baba yake asiinue macho gazetini,
kana kwamba zimepita dakika tano.
Wenu, Godelieve Ryckaert.

Bado hawajajibu.
Sweta ninayo.