Mafuta ya Nazi

Mcha kaileta Kibuteni ikivutwa kwa kamba,
kwadi ya buluu, tope mpaka kwenye taa.
"Inanguruma, fundi, lakini haiendi.
Ukibana mafuta inapiga kelele kama mgombea jukwaani,
magurudumu yamelala."

Sikumjibu. Nikakiinamia kifuniko cha mkanda:
bolti kumi, mbili zishaliwa na chumvi,
moja haipo, pahala pake pamezibwa kwa bigijii.
Nilipokibandua, harufu ikanipokea:
si mpira ulioungua tu.
Kitu cha jikoni. Kitu cha sikukuu.
Nikanusa kidole.
"Mcha, umetia nini humu?"

Akautazama mlimau wa jirani.
"Ilikuwa ikilia kwi-kwi mbele ya wageni.
Nikazipaka mafuta ya nazi. Kidogo tu. Ya mama."

Lo!
Miye fundi wa mwaka wa kumi na sita,
nishatoa mchanga humu, nishatoa panya,
nishatoa hereni ya Mtaliana;
sijapata kuona puli iliyopakwa
kama kichwa cha mtoto wa skuli Jumatatu.

Nikamkalisha juu ya ndoo.
Tazama. Puli mbili, kila moja nyuso mbili,
na mkanda katikati. Hamna meno hapa, hamna mnyororo.
Injini ikikaza mwendo, rola zinatambaa ukingoni,
uso unausogelea uso,
mkanda unabanwa, unapanda.
Kule nyuma puli ya pili inafunguka kuupisha;
springi inanuna, lakini inakubali.
Ndiyo gia zote hizo: kubana na kupishana.
Kinachoshika ni ukavu.
Kwengine kote, ukiona chuma kinasuguana, tia mafuta.
Hapa ukitia, umeua.

Mkanda nikaupima kwa kipimo cha chuma:
umepungua milimita mbili na nusu,
mbavu zinang'aa kama kigae,
na pahala pamoja pameliwa, kishimo cha kuingia kidole,
siku ile kwadi ilipozama mchangani
na mgeni akazidi kubana badala ya kushuka.
Rola nane. Sita mviringo,
mbili zimekuwa bapa upande mmoja, kama sabuni ya msikitini.
Hizo ndizo zilizokuwa zikilia.

Nani anasikia kilio akakipaka mafuta?
Nilitaka kumcheka.
Kisha nikazikumbuka kanga nilizomnunulia Mwatima juzi,
doti mbili, za maua,
badala ya kumuuliza ana nini.

Nikashika spana.

Springi ya nyuma ilinitoroka, ikapiga bati la paa,
kuku wa Bi Jokha wakatawanyika hadi barabarani,
na Bi Jokha akanitaja mimi na ukoo wangu.
Puli nikaziosha kwa petroli, nikaziosha kwa sabuni,
nikazipitisha msasa laini, duara kwa duara,
nikazifuta kwa fulana safi
na nikamkataza Mcha kugusa.
Hata jasho la kidole, bwana. Hata hilo.

Mkanda mpya umekuja na boda kutoka mjini
pamoja na rola zake, seti nzima;
hubadilishi mbili ukaziacha sita, zitagombana.
Mshale nikauelekeza mbele.
Mara ya mwisho Mcha aliuvisha kinyume
akaniapia kuwa ni urembo.

Tukaijaribu njia ya mawe, kwendea Makunduchi.
Ikang'oka taratibu, bila ya kushtuka,
ikapanda mwinuko wa chokaa na watu wawili juu yake.
"Haisemi kitu," kasema Mcha, kama mtu aliyedhulumiwa.

Kanipa nusu ya pesa. Nusu nyengine Ijumaa,
naye hajasema Ijumaa ipi.
Mkanda wa zamani kauomba Bi Jokha
afungie mlango wa banda.

Jioni nikanawa mikono mara mbili.
Nikalipita duka la kanga, nikalipita la halua.
Mwatima alikuwa uani anachagua mchele,
hakuinua macho.
Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake,
mikono mikavu.