Daftari la Mweka Hazina

Ukurasa wa kwanza niliupigia mistari kwa rula:
Umoja wa Wanafunzi wa Uzamili, Idara ya Muziki, Moshi.
Wanachama tisa. Wawili kati yao
hulipa ada kwa ahadi na tabasamu.

Mapato. Harusi ya Kiborloni: tuliimba saa tatu,
tukapewa elfu sitini na sinia la ndizi nyama.
Msiba wa Rau: hatukudai kitu.
Walitutilia noti mfukoni wakisema ni nauli,
nami nikaandika, nauli.

Matumizi. Fotokopi za solfa,
nukta zimefifia hata besi hawajui
washikilie au wanyamaze.
Maandazi ishirini ya semina ya Alhamisi,
siku Chilewa aliposoma sura yake ya tatu
juu ya zeze la babu zake na waya usiochoka.
Maandazi yaliisha kabla ya hitimisho.

Na juu ya kila ukurasa, kwa wino mwekundu: PIANO.
Masika huvimba, kiangazi hulia mbao.
La ya katikati imekufa.
Ukiibonyeza inazama tu,
kama jino bovu chini ya ulimi.
Kikao cha Februari kilipitisha, mikono yote juu:
kila senti ya ziada ni ya waya, na ya fundi kutoka Arusha.

Sasa niandike ambalo sikuliandika.

Jumanne ya Aprili, mvua tangu alfajiri,
mlima haupo, hata Rau haionekani.
Mbonea alinikuta chumba cha mazoezi,
trombone ya marehemu mjomba wake
ameiviringisha kwenye kanga, kama mtoto.
Hakusema mama amefariki.
Alisema, "Hazina, hii inaweza kushika bei gani?"
Kanga ilikuwa imelowa upande mmoja.
Nikamuuliza basi la Usangi linaondoka saa ngapi.
Saa sita, akasema.
Nikafungua kopo la biskuti, nikahesabu mara moja tu,
elfu themanini na tano, nikamwambia
funika chombo chako, kitaingia kutu.
Alipotoka nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri:
Waya wa piano, 85,000.

Mkutano mkuu, Juni.
Mkaguzi wetu ni Elinami Kiwelu,
anayeandika tasnifu juu ya ulinganifu wa sauti;
huyo humdanganyi kwa tarakimu wala kwa sikio.
Hakuniuliza risiti.
Aliinuka, akaenda kwenye piano, akabonyeza la.
Tok.
Akabonyeza tena.
Nilisikia mbao, nikasikia feni, nikasikia tumbo langu.

Ndipo kule nyuma, kando ya mlango,
Mbonea akainua trombone akaitoa ile la,
chini kidogo, kama kawaida yake,
akaishika mpaka pumzi ikamwishia.
Hakueleza neno. Macho yake yalieleza, na yangu.

Elinami alirudi mezani akaandika polepole:
Risiti, hakuna. Waya, umesikika.
Halafu, kwa sababu ni Elinami, akaongeza:
Mweka hazina anadaiwa. Alipe kidogo kidogo.

Wengine walipiga makofi. Rwechungura hakupiga.
Mtihani wake wa piano ni Agosti.
Alikunja nota zake, akatoka, chai yake ikapoa mezani.
Sina la kumwambia. Nilitoa kwa mkono wangu
kitu ambacho kilikuwa chake pia.

Salio: elfu kumi na mbili na mia tatu.
Andazi limepanda bei. Fundi wa Arusha hapokei simu.
Mbonea analeta elfu tano kila mwisho wa mwezi,
naye hajui kwamba nami naleta tano yangu.

Usiku, nikipita idarani na daftari kwapani,
namsikia Rwechungura peke yake na kipande chake kigumu.
Akifika pale haendi taratibu, wala hagongi.
Anavuka tu, kama mtu gizani nyumbani kwao
anayeijua ngazi iliyooza.