Ndimu, Chumvi na Maganda

Mashine imekufa Januari,
nje baridi imeshuka thelathini chini ya sifuri
na mji wa Minot umejifungia ndani na masikio yake.
Ilikuwa pipa dogo tu la plastiki, likizungusha usiku kucha
magunzi ya mahindi yaliyosagwa na maganda ya risasi,
shaa, shaa, kama mtu anapepeta choroko chumba cha pili.
Nilishaizoea. Kimya ndicho kilichoniamsha.

Baba mkwe yumo gerejini na koti lake la kuwindia,
ndoo katikati ya miguu,
mkono wa kushoto hauna habari naye tangu kiharusi cha Oktoba.
Mwanawe yuko kwenye visima vya mafuta hadi Ijumaa ya pili.
Tumebaki wawili:
Kiingereza changu na ukimya wake, havijatambulishana.

*Ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno.*
Namwambia hivyo kwa Kiswahili, ananisogezea kigoda.

Nachambua kama mchele.
Tisa huku, arobaini na tano kule,
mafupi yanayojifanya tisa, nje.
Moja limeingia ndani ya jingine likakwama,
mtoto ndani ya kanzu ya babake; nalivuta kwa koleo.
Nasoma herufi za kitako, na fataki katikati,
imebonyea pale pini ilipogonga, kama kitovu.
Kisha nayatikisa kiganjani, machache machache:
mazima hulia kengele,
lenye ufa hujibu kama mtu uliyemkatiza usingizi.

"Usilambe kidole," Mzee Orval ananiambia,
kila siku, maneno yale yale.
Nitalambaje? Kwetu risasi ni risasi,
iliyo madini na iliyo mauti, jina moja.
Vumbi hili jeusi kwenye kucha zangu ndilo lile lile,
halina haraka tu.

Basi nikaingia jikoni nikatoka na ndimu sita,
ndimu za dukani, ngumu kama gololi,
na chumvi, na beseni la maji moto.
Akanitazama kama hakimu.
Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza Pangani,
bibi yangu Binti Shaweji na sinia lake la shaba,
na mrashi, wiki moja kabla ya maulidi:
ndimu, chumvi, jivu kidogo, na kiganja kisichoona huruma.
Nikakamua.
Maji yakageuka kijani, kijani cha kidimbwi.

La kwanza nikalizidisha. Nilikwenda kuswali nikasahau,
yakatoka na rangi ya waridi,
mia moja na ishirini, yote yameona haya.
Mzee akacheka. Nusu ya mdomo tu ilicheka,
lakini ilikuwa nusu kubwa.

La pili dakika kumi. Nikayasuuza mara tatu,
nikayatandaza kwenye taulo karibu na hita,
midomo chini, kama vikombe baada ya wageni.

Anasema mashindano ni Aprili.
Anajua. Nami najua.
Nasema *inshallah*, neno pekee la kwetu alilolishika,
naye analirudia vizuri,
kwa uangalifu, kama anashusha kitu rafuni.

Sijawahi kufyatua bastola na sitaki.
Ila leo aliokota ganda moja kwa mkono wa kulia,
akalileta karibu na mdomo, akalipulizia: *ha*,
ukungu ukalifunika, akalifuta kwenye mkono wa koti,
akaliinua kwenye taa.
Nikawaza: kati ya shaba na shabaha
hakuna zaidi ya hiyo,
pumzi moja ya mzee kwenye baridi.

Akaliweka kwenye boksi, kwenye tundu lake.
Akanyoosha mkono, nikampa jingine.
Ndoo bado imejaa hadi nusu.
Ndimu zimebaki mbili.