Swali la Nne

Toroli ya kilo mbili, mita tatu kwa sekunde,
inaigonga ya kilo moja iliyosimama zake.
Zinagandana. Tafuta mwendo wa pamoja.
Mbili mara tatu, sita. Gawa kwa tatu: mbili.
Mpaka hapo hata Nang'unda aliyesinzia amepata.

Kisha zinaikuta springi ukutani,
nyutoni elfu moja mia mbili kwa mita.
Inabonyea sentimita kumi, inazirudisha zilikotoka.

Kipengele cha mwisho.
Kabla ya kugongana, jouli tisa; baada yake, sita.
Tatu zimekwenda wapi?
Mwalimu Mchopa akapiga kofi moja, darasa likashtuka.
"Mlio huo," akasema. "Na joto. Sugueni viganja.
Hakipotei kitu, kinahama tu."

Nililiacha wazi, nikaenda nalo nyumbani Kitangari.
Msimu wa korosho, vidole vya mama vyeusi kwa utomvu wa mabibo,
na mnunuzi wa kangomba ametundika mizani
kwenye boriti ya baraza letu.
Gunia likapanda, mshale ukashuka kivivu.

Kani ni k mara mrefuko.
Nikaingia ndani, nikatoka na ndoo,
maji yaliyopandishwa mlima kwa baiskeli,
ambayo kwetu Newala hayachezewi.
Lita ishirini, kilo ishirini; ndoo yenyewe niliisamehe.
Nikaitundika.
Kumi na saba.

"Springi imechoka, binti," akacheka.
Springi ikichoka hulegea, nikamwambia,
ingempa mama zaidi.
Yako haijachoka. Yako imenona.

Mama hakusema neno.
Aliishusha ndoo kwanza, taratibu, lisidondoke tone,
ndipo akalikumbatia gunia lake.
Midomo ilikuwa ikimcheza:
mwaka juzi magunia tisa, mwaka jana kumi na moja,
kila gunia, kila ishirini...
Misimu yote hiyo haukusikika mlio.
Hakuna kiganja kilichopata joto.

Usiku nikarudi kwenye swali la nne.
Kibatari kilikuwa kinakaribia kukata roho
nami nikaandika haraka, bila kupiga mstari:
Tatu hazikupotea. Yupo aliyeondoka nazo.

Daftari likarudi Jumatano.
Vyote vimepigwa vema, isipokuwa pale chini,
neno limezungushiwa wino mwekundu,
na mwandiko wa Mchopa ulioinama:
Tatu nini?