Kadibodi ya Shilingi Mia

Ijumaa jioni redio ilisema,
na redio ya duka langu husemea Luanda nzima:
unga wa sima, pakiti ya kilo mbili,
usizidi shilingi mia. Atakayezidisha, faini au jela.
Nje watu walipiga makofi. Nami nilipiga,
kwani nami hula.
Kisha nikakumbuka kuwa ninauza,
mikono ikapoa.

Nilikuwa nimeununua kwa mia na kumi na nane.
Nikakata boksi la sabuni, nikaandika MIA kwa kaa la jiko,
nikaitundika kadibodi juu ya rafu.

Jumamosi saa nne mwenye gari jeupe alibeba marobota sita.
Hakuwa mwovu. Kitu kikiwa nusu bure,
nani anunue kimoja?
Anzetse, anayefulia watu nguo kule Maseno,
alifika jua likizama, noti ya mia mkononi.
Akaitazama bei. Akaitazama rafu.
Bei ilikuwepo.

Wiki ya pili lori la Kitale halikuja.
Nikampigia Shivachi, dereva. Akacheka:
"Kinuni hawajagoma. Wanafagia. Wanapaka mashine rangi."
Na kule Kiminini, Nasambu wa ekari tano
hakusikia hotuba, alisikia bei ya gunia tu.
Akafunga ghala. Akanunua nguruwe wanne wa kuyala mahindi.

Maana bei ni barua.
Haina anwani wala stempu,
lakini humfikia mtu usiyemjua kwa sura
ikamwambia: huku kuna njaa, leta.
Safari hii iliraruliwa njiani,
neno moja likafutwa, likaandikwa jingine kwa hati nzuri,
Nasambu akasoma: huku wameshiba, kaa nayo.

Mkaguzi alikuja Jumatano, viatu vinang'aa.
Akaisoma kadibodi. "Unafuata sheria," akasema,
akatia tiki.
Nikamwonyesha rafu, na buibui wake.
"Hiyo," akasema, "haimo kwenye fomu."

Usiku huohuo, mlango wa nyuma,
niliuza kwa mia na tisini
unga uliovuka Busia kwa baiskeli, chini ya vitunguu.
Sijivunii.
Sehemu ilikuwa ya unga, sehemu ya woga:
woga nao una wachukuzi, na hulipwa.
Mke wa mkaguzi alichukua pakiti mbili.
Hakuomba risiti.

Anzetse ndiye aliyesema nisilolisikia bungeni:
"Mwana wa Okwemba, huo wa mia nimeuonja siku arobaini,
hauna ladha. Nipe wa ghali, ulio na vumbi lake."

Wiki ya saba amri ikafa kimyakimya, bila redio.
Lori likaja. Mia na sabini.
Nilitukanwa mimi; waziri hakuwa karibu.
Mwezi haujaisha ikawa mia na hamsini,
kisha Esikuri, jirani yangu, shetani yule,
akauza mia na arobaini na tano,
nami nikashuka hadi arobaini na mbili.
Hatukuamriwa. Tulichunguliana tu,
dirisha kwa dirisha.

Sitawadanganya kwamba soko lina moyo.
Anzetse bado alipungukiwa shilingi arobaini na mbili,
na pengo hilo hakuna kinu kinacholisaga.
Nililiandika kwenye daftari la deni, kwa penseli.
Mkiwa na msaada, mtieni yeye mkononi.
Msiipe kadibodi.

Kadibodi yenyewe aliiomba, nikampa.
Jioni huchuchumaa mlangoni akipepea jiko,
MIA ikipanda, MIA ikishuka mbele ya makaa,
hadi maji yachemke.