Mwiko Wenye Uzi Mwekundu

Kabla hujashika kitu, Sikudhani, njoo hapa.
Unaiona miiko miwili ukutani?
Ule mpana, mweusi kwa moshi, ni wa kila kitu:
koroga kamba wa nazi, koroga kaa, koroga utakalo.
Huu mwingine, wenye uzi mwekundu shingoni,
huu mwiko ni mwiko.
Usicheke. Sitegi kitendawili, napika.

Ni wa Somoe, mtoto wa dada yangu.
Utamwona mchana, atakaa pale mlangoni
upepo unapopita,
maana hata mvuke wa sufuria la kamba
humtekenya koo.

Na usifikiri alizaliwa hivyo.
Mama yake alimlea kwa kome.
Maji ya bamvua yakitoka walishuka na ndoo hadi miamba ya nje,
Somoe mgongoni, baadaye Somoe kwa miguu yake,
baadaye Somoe mbele, anawashinda wakubwa kuchokoa.
Alikula, akanawiri. Miaka ishirini na sita.

Halafu Idi moja midomo ikamwasha.
Tukasema pilipili.
Idi iliyofuata akatoka mabaka mgongoni, manene.
Tukasema upupu.
Jirani akasema jicho, akamtaja na mwenye jicho;
hadi leo yule mama hatusalimiani, na hana kosa.

Mara ya tatu hakugusa kamba.
Wali mweupe na mchuzi wa changu, basi.
Ila mchuzi niliukoroga mimi,
na mwiko nilikuwa nimeupangusa tu.
Kwa kitambaa.

Sauti ndiyo ilianza kuondoka.
Akaniita mama mdogo kwa koo la mzee mwanamume.
Kisha midomo, kisha kope,
kisha mluzi kifuani, birika limechemka mle ndani.
Akatapika, akasema anaona giza.
Huyu analeta maziwa, yule anatafuta vidonge vya mafua,
mimi nasema tungoje, huenda itapita.
Huenda itapita!

Bajaji ya Chitanda ilitoka Mikindani hadi Ligula
kama haina breki, Somoe kalala mapajani mwangu
anavuta pumzi kama mtu avutaye kamba ya kisima.
Kamba. Jina lile lile. Tazama lugha yetu.

Sindano ikamwingia pajani.
Baada ya muda akanitazama, akanijua.
Daktari, kijana mdogo tu, akauliza alikula nini
na chakula kilipikiwa wapi.
Nikajibu: sikudhani.
Ndiyo, jina lako. Nililirudia mara tatu.

Akauita mzio.
Neno hilo nalijua tangu utotoni:
bibi yetu wa Kitaya hakula kambare maisha yake yote,
akiulizwa hujibu, ni mzio wangu,
na kila nyumba ikampakulia kunde bila maswali.
Lakini Somoe akisema sili,
wakwe wanaguna: anaringa, mtoto wa pwani gani huyu.
Mara mbili amewaambia ameshiba
akarudi kwake na njaa.
Hapa kwangu hatashiba kwa uongo.

Basi. Samaki wa mapezi anakula.
Kamba, kaa, kome, chaza, hapana,
na ngisi na pweza daktari kasema tuwaache kwanza.
Mafuta yaliyokaanga kamba yasikaange muhogo wake.
Chakula chake kianze, kifunikwe, kipande juu ya kabati.
Na ukisikia sauti yake inakwaruza
usimtafutie kidonge, usinitafute mimi,
mpigie Chitanda. Namba nimeiandika mlangoni kwa mkaa.

Sasa nawa. Kwa sabuni.
Hapana, rudia.
Vua na hiyo pete.